Maili Kumi na Moja Kutoka kwa Orrin

Siku majivu ya mumewe yalipomwagwa baharini, Marlys Haugen alikuwa nyumbani Minnesota akikanda unga wa mkate ambao hakuwapo wa kuula. Aliyekwenda ni Glenn, mdogo wake Orrin. Glenn alimsihi kwenye simu mara tatu, na mara ya tatu Marlys akamjibu neno lililokuja kumkaa kooni miaka mitano: "Mpeleke wewe, shemeji. Mimi watu nawazika, situpi." Akakata simu, akarudi kwenye unga.

Alikuwa na sababu zake. Alizaliwa Mlutheri, baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na kwao mtu akifa hulala nyuma ya kanisa, miguu ikielekea mashariki, akiwangoja wenzake. Jiwe lao lilikuwa limesimama pale tangu mwaka walipouza ng'ombe. Jina la Orrin lilichongwa kushoto na lake kulia, na mbele ya kila jina mwaka wa kuzaliwa, kisha nafasi tupu. Walilichagua pamoja. Orrin mwenyewe ndiye aliyependa lile lenye rangi ya kijivu. Halafu ikaja kusomwa karatasi aliyoiacha kwa mwanasheria, kwamba achomwe moto na majivu yake yatiwe katika bahari ya kusini, njia ya meli, na mkewe asikasirike.

Mkewe alikasirika.

Ni bahari ndiyo iliyomchukua, hivyo ndivyo Marlys alivyoona. Miaka thelathini na minane Orrin alikamua ng'ombe alfajiri na jioni, na katika miaka hiyo yote hakulala nje ya nyumba yake zaidi ya usiku mmoja. Walipouza ng'ombe alikuwa kama mtu aliyefunguliwa pingu asiyejua pa kuweka mikono. Wakapanda meli ya matembezi kutoka Tampa, kujaribu tu, na tangu hapo kila Februari wakawa wanapanda. Chumba chao kilikuwa cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, kwa sababu ndicho rahisi.

GPS yake ya mkononi, kidude cha manjano cha kumwambia mtu alipo, aliinunua kwa ajili ya kuwindia paa. Kwenye meli alikuta kwamba ndani ya chumba haioni kitu, chuma kimeizunguka pande zote, na hata dirishani inababaika. Basi akawa anapanda nayo ghorofa ya kumi, nyuma, karibu na meza za mpira wa meza, anainyanyua juu kama mtu anayeinua taa gizani, anangoja. Ikishika, anatangaza kasi ya meli, watu wote wasikie. Abiria wengine walikuja kumzoea. "Kapteni Haugen, tuko wapi leo?" wakamuuliza. "Mahali ambapo jana hatukuwapo," akawajibu, na walicheka kila mwaka kana kwamba hawajawahi kuisikia. Marlys aliona haya, akasogea pembeni na ufumaji wake. Mwanamume aliyelima shamba lilelile miaka yote ile, sasa anataka kujulishwa alipo kila baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo Glenn alipokwenda na majivu, alikwenda na kile kidude. Asubuhi ya siku ya pili ofisa mmoja wa meli alimshusha ghorofa ya chini upande usio na upepo, nahodha akapunguza mwendo, na majivu yakatiwa majini ndani ya mfuko unaoyeyuka. Palepale Glenn akabonyeza kitufe cha kuweka alama, akaiandika ORRIN. Baadaye meli ilileta kwa posta cheti chenye muhuri na mistari miwili ya namba za mahali pale, ambacho Marlys alikitia kwenye droo ya vitambaa vya mezani bila kukisoma hadi mwisho.

Maji yakimwagika hayazoleki, na neno nalo ni hivyo. Mwaka wa kwanza hasira ilimtosha. Mwaka wa pili ikaisha, na chini yake akakuta kitu ambacho hakukitazamia: hakuna aliyemsomea Orrin maneno ya maziko. Glenn hakuwa mtu wa kanisa, ofisa wa meli aliinamisha kichwa tu, na mchungaji alifanya ibada ya kumbukumbu bila mwili wala kaburi. Maneno yenyewe, ya udongo kwa udongo, hayakusemwa na mtu. Yalikuwa yake kuyasema, na siku ile alikuwa akikanda unga.

Mwaka wa tano, alipofikisha sabini na moja na daktari amekwisha kumwambia habari za moyo wake, akamwomba Glenn kile kidude. Kifuniko cha betri kilikuwa kimelegea, kimefungwa kwa mpira. Glenn akamwonyesha: unachagua alama, unakiambia nenda, mshale unakuonyesha upande na namba inakuambia maili zilizobaki. Meli ileile, njia ileile, Februari ileile.

"Nikifika itanijulisha?" Marlys aliuliza.

"Itasoma sifuri, shemeji. Au karibu na sifuri."

Jioni ya kwanza baharini walimketisha meza moja na mume na mke kutoka Kentucky, Burl na Ina Stamper. Kwenye meli hizo meza unayopewa siku ya kwanza ndiyo yako hadi mwisho, na watu wake ndio jirani zako. Burl alikuwa amevuta matishari ya makaa ya mawe kwenye mto Ohio maisha yake yote, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya maji. Akakiona kile kidude kando ya sahani ya Marlys.

"Dada, huyu nahodha humwamini?"

"Kilikuwa cha mume wangu."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko mbele. Tutampita kesho kama saa nne asubuhi."

Burl alidhani ni mzaha, akaupokea kwa mzaha. "Basi akimbie kukupokea. Maji ya huko hayakai, dada, nimeyasoma kwenye ramani. Yanakwenda kama mto wangu wakati wa mafuriko. Ukidondosha kofia Jumatatu, Jumatatu ya pili iulize upande wa pili wa Florida."

"Burl, kula chakula chako," mkewe alisema.

Walipotoka, Ina alimshika mkono mlangoni akamwomba radhi, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kuelewa. Na Marlys, ambaye hata dada zake hakuwaambia, alimwambia mwanamke huyu aliyemjua kwa saa mbili tu habari yote: unga, simu, jiwe, na maneno. Ina akasema atamwombea apate hali ya hewa nzuri.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Saa tatu asubuhi Marlys alikuwa ghorofa ya kumi, nyuma, na viatu vya kanisani, kitabu cha nyimbo kwapani na utepe mwekundu kwenye ukurasa wa maziko. Aliinyanyua GPS kama Orrin alivyoinyanyua. Ikashika. Maili ishirini na sita. Wazee wawili walikuwa wakicheza mpira wa meza, na mmoja wao akamuuliza kama ameshapata samaki. Alitikisa kichwa tu, kwa kuwa hakutaka kuacha kutazama. Ishirini. Kumi na sita. Mshale ulikuwa umenyooka kama mkuki, ukielekeza palepale meli inapokwenda. Akafungua utepe. Alikuwa ameazimia kusema kwanza samahani, halafu asome.

Ilipofika kumi na mbili, sauti ya nahodha ikasikika kwenye vipaza sauti. Abiria mmoja ameugua vibaya, helikopta imeombwa kutoka pwani, na ili iweze kuifikia meli itabidi wageuze kuelekea mashariki kuikaribia. Akaomba uvumilivu na dua.

Kumi na moja nukta nne. Kumi na moja. Pale namba ikasita, maana meli ilikuwa inazunguka, na Marlys aliuona mshale ukihama polepole, ukaacha mbele, ukapita ubavuni, ukatulia unaonyesha nyuma. Kumi na moja nukta mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Aliteremka ngazi zote kwa miguu hadi mapokezi, akimshikilia Orrin mkononi. Msichana wa pale alimsikiliza bila kumkata, akasoma cheti ambacho Marlys alikuja nacho ndani ya kitabu, akapiga simu juu kwa nahodha. Jibu lilikuwa la upole. Wakishamtoa mgonjwa watakata moja kwa moja kwenda Cozumel, maana wamepangiwa saa ya kuingia bandarini, na njia hiyo itapita maili kumi na tisa kutoka pale. Kurudi watapita njia nyingine, zaidi ya thelathini.

"Kama meli imeweza kugeuka kwa mtu mmoja," Marlys alisema, "haiwezi kugeuka kwa mwingine?"

"Pole sana, mama. Yule yu hai."

Akarudi juu. Alisimama pale kwenye chuma cha ukingo, kitabu kimefunguliwa, upepo ukigeuza kurasa, namba ikipanda. Hapo ndipo moyoni mwake, wazi kabisa, kwa maneno kamili kama mtu anayeagiza kitu dukani, alisema: Afe basi, tuendelee na safari.

Hakuamini kwamba ni yeye. Lakini hapakuwa na mtu mwingine.

Haikupita nusu saa meli ikapunguza mwendo, kisha ikageuka tena, taratibu, kuelekea kusini magharibi. Helikopta haikuonekana. Kwenye bwawa la kuogelea watu walipiga makofi, wakidhani mgonjwa amepata nafuu.

Jioni viti viwili vya meza yao vilikuwa vitupu. Mhudumu aliondoa glasi mbili, akakunja vitambaa. Marlys alitazama pale vilipokuwa vitambaa, akajua.

Ina alikuja mlangoni kwake kesho yake baada ya kifungua kinywa. Nywele zilikuwa zimechanwa, blauzi imepigwa pasi. Alisema Burl aliamka akilalamika bega, akaanguka alipokuwa akivaa soksi, na daktari wa meli alihangaika naye hadi saa nne na dakika ishirini. Helikopta ikaambiwa irudi.

"Nimeambiwa meli iligeuka," alisema. "Najua ulikuwa unakwenda wapi. Nisamehe."

Marlys alifungua mdomo. Angeweza kusema hapo, na pengine Ina angemsamehe, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusamehe. Badala yake alimkalisha kitandani, akampa maji.

"Hicho kidude," Ina akasema, "kinaweza kuniambia alifia wapi? Daktari ameandika 'baharini.' Basi. Kama vile ni kijiji."

Kidude kilikuwa kimeandika njia yote, nukta kwa nukta, na saa pembeni. Marlys aliirudisha nyuma hadi saa nne na dakika ishirini. Ilikuwa karibu kabisa na kona, pale mstari ulipojikunja kama kiwiko. Akaandika zile namba kwenye karatasi ya meli, mistari miwili, kama ile ya cheti chake. Ina aliisoma, akaisoma tena.

"Nikirudi siku moja na hii, nitafika?"

"Utafika kwenye namba," Marlys alisema.

Ina alitikisa kichwa polepole. "Burl alisema maji hayakai."

"Alisema."

"Alikuwa anayajua maji." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye kifuko cha miwani.

Wakashikana mikono wasali Baba Yetu. Marlys ndiye aliyeanza. Alipofika kwenye utusamehe makosa yetu sauti ikakatika, na Ina, akidhani analia kwa ajili ya Burl, akamalizia peke yake, kisha akamshukuru.

Machi, theluji ikiwa bado magotini, Marlys alikwenda nyuma ya kanisa na kile kidude na kitabu. Alifuta jiwe kwa glavu. Akainyanyua GPS, ikashika upesi, pale hapana chuma. Mshale ukaelekea kusini, juu ya paa la ukumbi wa kanisa, na namba ikasoma maili elfu moja mia nne na kumi na saba. Alisoma maneno yote, udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, hadi amina, kwa sauti ya kawaida. Halafu akangoja, kama mtu aliyebisha hodi. Lori la maziwa likapita barabarani. Akazima kidude kuokoa betri.

Mchungaji alimwambia, kama wote walivyomwambia, kwamba Mungu anajua Orrin alipo. Marlys alikubali. Hakuwa mtu wa kubishana kanisani, na imani hiyo alikuwa nayo tangu utoto na hakuiacha. Ila swali lake halikuwa kama Mungu anajua.

Alifariki Novemba ya mwaka huohuo, kabla ardhi haijaganda, na ikaonekana ni rehema kwa wachimbaji. Fundi alikuja akachonga miaka miwili siku moja, wa Orrin na wake. Wakamlaza upande wa kulia, miguu ikielekea mashariki. Kwenye mfuko wa koti lake la kanisani kilikutwa kile kidude cha manjano, betri zimevuja na kuota kutu, hakiwaki tena, na Glenn akaenda nacho nyumbani. Upande wa kushoto wa jiwe majani hayajawahi kuguswa na sepetu.