Mtani Aliyemchukua Namkunda

Elinaja Mshana alikuwa akifanya kazi Hayes, huku London, kwenye jiko kubwa linalopanga chakula cha abiria wa ndege. Kutwa nzima ni kuku hapa, wali pale, kipande cha keki kule, funika, lete trei nyingine. Mimi nilisimama jirani yake kwenye mstari, kazi yangu vijiko na uma. Ukimwona na ile kofia ya wavu kichwani usingedhani kwamba mama huyu wa Kipare amebeba dola nzima ya Kirumi kwenye mkoba wake. Lakini alikuwa ameibeba. Saa ya mapumziko wenzake tukisinzia, yeye anatoa penseli.

Alikuwa akichora kitabu cha katuni. Hadithi yenyewe ni ya enzi za Warumi, walipoitawala London hii na kuizungushia ukuta. Binti wa mfua chuma wa milima ya Upare, jina lake Namkunda, anauzwa utumwani, anavushwa Misri, anafikishwa huku kwenye baridi na kuwekwa kwenye karakana ya panga za askari. Kumbe nyundo aliyorithi kwa baba yake ina mzimu ndani. Kila upanga anaoufua unakataa kumwua asiye na hatia. Kuna ukurasa jemadari anauchomoa upanga mbele ya jeshi lake, nao unajikunja mkononi mwake. Pale nilicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Elinaja mwenyewe ni wa ukoo wa Washana, wafua chuma wa Upare tangu enzi na enzi, kwa hiyo nyundo na mivukuto alivichora bila kubahatisha. Namkunda alimpa sura ya marehemu mama yake: paji pana, mwanya, jicho moja dogo kuliko la pili. Mama alifariki kule Same wakati Elinaja bado anasubiri karatasi za kuishi hapa, na akitoka nchini harudi tena. Hakwenda kuzika. Nafikiri ndiyo maana alichora.

Sasa niwaambie habari za Humphrey. Humphrey ni Mchaga wa Machame, mdogo kwa Elinaja kwa umri, anafanya kazi ya ofisini mjini na Kiingereza chake kinateleza. Wachaga na Wapare ni watani. Mtani anakutukana hadharani nawe hukasiriki. Anaingia jikoni kwako na kufunua sufuria. Akichukua kitu chako humwiti mwizi kwa hasira, unamwita mwizi kwa kicheko. Na kwenye msiba yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke.

Tulipokaa matanga ya mama kwenye fleti ya Elinaja, Humphrey alijilaza chali kwenye kochi, akakoroma kama bibi kizee, kisha akaikumbatia chupa ya chai. "Hanywi mtu chai hapa," akasema, "mpaka Wapare waseme mama yao aliwaficha wapi ng'ombe wake!" Elinaja alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu simu ya msiba ilipopigwa. Alicheka, kisha akalia, kisha akala. Siku ile nilimpenda Humphrey, sifichi.

Kitabu kilipokamilika, Humphrey alijitolea kuyaweka maneno yake katika Kiingereza na kukipeleka kwa wachapishaji aliowafahamu. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili, watu wamesimama ukumbini na vikombe vyao. Nilimvuta Elinaja pembeni, nikamwambia waandikiane mkataba kwanza.

"Da Placida, niandikiane na mtani? Watanicheka mpaka Same."

Akamgeukia Humphrey, akapaza sauti ili wote wasikie. "Chukua, we Mchaga! Kwenu mmezaliwa wezi, na mwizi hapewi risiti!"

Ukumbi mzima ulicheka. Humphrey akaibeba bahasha ya michoro kichwani, akatoka nayo akicheza.

Kitabu kilizinduliwa kwenye ukumbi mmoja karibu na Edgware Road. Elinaja alisuka nywele, akavaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akaja na binti yake Nancy, aliyezaliwa hapahapa. Tulikaa mstari wa mbele. Namkunda alikuwa kwenye bango ukutani, mrefu kuliko mlango, mwanya wazi, nyundo begani. Chini yake palikuwa na jina moja tu, la Humphrey.

Nikajipa moyo kwamba jina la pili liko ndani. Nikafungua kitabu. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa vijiherufi vya sisimizi, kulikuwa na shukrani kwa "mtani wangu E., aliyenisaidia kupaka rangi."

Kisha mtu mmoja akauliza sura ya Namkunda aliipata wapi. Humphrey hata hakumeza mate. Alisema ni sura ya bibi yake, mama mzaa baba, wa ukoo wa wafua chuma kule Machame.

Nancy alimgeukia mama yake. "Mum, that's Bibi. Why is he saying she's his?"

Elinaja alikuwa anamtazama mama yake pale ukutani kama mtu aliyekuta nguo za marehemu wake zinauzwa sokoni. Mimi nilishasimama, mdomo umejaa maneno, lakini alinivuta mkono nikakaa.

Jumapili iliyofuata Mzee Leonard, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alitukalisha baada ya ibada. Humphrey akajitetea kwamba aliambiwa mbele ya kadamnasi achukue, tena aliambiwa mwizi hapewi risiti. Watu wakaanza kutabasamu, wameikumbuka ile siku. Mzee Leonard naye akamalizia kwa ile kejeli ya kale, kwamba Wapare kwa kupenda kesi watauza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku.

"Elinaja mwanangu," akasema, "huu ni utani. Usituuzie ng'ombe."

Wakacheka. Mama wa mtu amekuwa kuku, nao wanacheka! Nikasimama nikawaambia kwamba mtani anakusaidia kumzika maiti wako, hamchukui akamfanya wake. Wakaniambia nikae, Wahaya tunapenda sana kujisikia. Elinaja akacheka nao kidogo, akasema, "Yameisha, Mzee." Nilimkasirikia njia nzima kwenye basi.

Haukupita muda, wachapishaji wakataka kitabu cha pili. Na Humphrey hawezi kuchora hata kikombe. Jumamosi moja mchana nilikuwa kwa Elinaja tunakatakata mboga, tukasikia mlango unagongwa kwa ngumi.

"Fungua, we Mpare bahili! Au kengele umeikata kuokoa umeme?"

Elinaja akanawa mikono, akafungua mlango, akakunja goti.

"Shikamoo, Bwana Humphrey. Karibu ndani."

Humphrey akaangua kicheko, kadhani ni utani mpya. "Marahaba, bibi! Leo umenizeesha." Akajitupa kwenye kochi lake la siku zote. Elinaja akaleta chai kwenye vikombe vya wageni, na kitambaa juu ya trei.

"Hii chai au maji ya kuoshea miguu?"

"Samahani sana. Nitaongeza majani."

Na kweli akaenda akaongeza. Humphrey akanitazama. Nikatazama dirishani. Akajaribu tena, akaikwapua chupa ya chai na kuikumbatia kama siku ile ya matanga.

"Siiachii mpaka utoe penseli! Namkunda anasubiri kitabu cha pili!"

"Ichukue tu, Bwana Humphrey. Mgeni hanyimwi kitu."

Ndipo kicheko kilipomkauka. Aliirudisha chupa mezani taratibu. Akasema safari hii jina la Elinaja litakuja la kwanza, tena kwa herufi kubwa.

"Asante sana kwa wema wako," Elinaja akajibu. "Lakini sitachora."

"Elinaja, nitukane basi."

"Siwezi kukutukana. Hatufahamiani vizuri."

Humphrey aliondoka chai yake haijaguswa. Elinaja akavaa koti, akamsindikiza mpaka kituoni, akasimama naye mpaka basi likaja. Hivyo ndivyo mgeni anavyosindikizwa. Siku zote yeye na Humphrey walikuwa wakifukuzana kwa mwiko wa ugali.

Aliporudi alikosha kikombe, akakaa kwenye lile kochi na koti lake bado mwilini. Nikadhani amefurahi, nikaanza kumsifu kwa jinsi alivyomkomesha. Kumbe analia.

"Alikuwa mtani wangu, da Placida. Huku ugenini nilikuwa naye huyo mmoja. Siku nikifa, nani atalala hapa aigize ninavyokoroma?"

Nikamwambia nitakuja mimi.

"Wewe utakuja kulia," akasema. "Wa kulia ninao."