Siku Kichwa cha Kemuma Kilipoandika

Mmenichosha. Kila mkija hapa, hata chai hamjamaliza: "Bibi, andika ile ya Kemuma na mashine ya kichwa." Mimi niliacha shule darasa la pili, herufi zangu zinachechemea kama kuku aliyevunjika mguu, na nyinyi mna digrii zenu. Lakini nimewasikia mkiisimulia, mnaiharibu. Basi kaeni. Naandika mara moja tu.

Mwaka wa 1971 Kemuma, mke wa Josiah wa kule Nyamache, aliangukiwa kichwani na boriti ya jikoni. Kidonda kikapona, kichwa kikakataa. Kilimuuma miezi minane, hawezi kutazama jua, chakula hakikai tumboni. Josiah alipokuja likizo kutoka mashamba ya chai Kericho, akampeleka kwa omobari, yule mpasuaji wetu wa vichwa, anayekwangua mfupa wa fuvu polepole mpaka maumivu yapate pa kutokea. Sindano ya usingizi hakuna. Kemuma alikaa macho wazi, wanaume wanne wamemshika, akawa anawagombeza: "Wewe wa kushoto, unaniumiza kuliko huyo mwenye kisu!" Akapona kabisa.

Kichwa kikaacha kuuma, wifi yake Persis akaanza. Persis alikuwa dada mkubwa wa Josiah, ameolewa Nyansiongo, hana mtoto. Kemuma akisahau chumvi, Persis anasema, "Mnaona? Akili zilitokea kwa lile tundu." Akicheka peke yake shambani, "Mnaona?" Miaka mitatu hivyo. Mwaka wa 1974 akamwendea baba yake, Mzee Onchiri, akataka Nyamoita, binti wa Kemuma wa miaka minne, akalelewe kwake. Mzee akajibu, "Nitafikiria." Katika boma lile, mzee akisema atafikiria, jua nguo za mtoto zimeshafungwa.

Wiki hiyo hiyo habari ikafika sokoni: Dokta Mogaka, kijana wetu aliyesoma ng'ambo, yuko hospitali moja mjini Kisii na mashine ya kupima ubongo. Anawatafuta waliopasuliwa na omobari. Anachunguza ufahamu wa mtu, ile hali ya kujijua kwamba mimi ni mimi na niko hapa: je, fuvu likifunguliwa, inabadilika?

Josiah alikuwa amerudi kazini Kericho, na Kemuma hakumwuliza mtu. Alisimama uani akasema, "Twendeni wote kwa huyo daktari. Akikuta humu ndani hamna kitu, mtoto mchukueni."

Asubuhi ya safari alijiandaa kama anakwenda harusini. Alijipaka samli kichwani, samli ya ng'ombe wake mwenyewe, nywele zikang'aa, akafunga kitambaa kipya. Utakwendaje mbele ya daktari na kichwa kikavu?

Mashine ilikuwa kubwa kama kabati, na kalamu nane zimelala juu ya karatasi ndefu. Nesi Bonareri akamwambia avue kitambaa.

"Sivui. Baba mkwe yupo."

Na kweli, kwetu mke wa mtu hafunui kichwa mbele ya baba mkwe. Bonareri akapitisha nyaya chini ya kitambaa, moja moja, akibandika kwa kupapasa. Dokta akawasha. Mama yangu! Kalamu ziliruka zote kwa pamoja, zikachafua karatasi, wino mpaka ukutani.

Persis akapiga makofi. "Baba, umeona? Si nilisema? Hicho ndicho kichwa kinachomlea mtoto!"

Kemuma akatazama chini. Nyamoita alikuwa amekaa sakafuni, ameshika pindo la nguo ya mama yake.

Lakini Dokta Mogaka alikuwa ananusa. "Mama Nyamoita, umepaka nini kichwani?"

"Samli. Ulitaka nije kama mgonjwa?"

Dokta akacheka mpaka akavua miwani. "Nyaya zinateleza, mama. Hii ni kelele ya samli, si ya ubongo. Lazima tuoshe."

Kuoshwa maana yake ni kuvua. Kovu lile hakuna mtu wa boma aliyewahi kuliona, ila Josiah. Kemuma akamtazama mtoto, kisha akamtazama mzee. Mzee angeweza kutoka nje, lakini alikuja kuwa shahidi, na alikuwa mbishi kama jiwe. Akainuka, akageuka, akasimama uso ukutani, fimbo mkononi.

"Osheni," akasema. "Mimi naona ukuta tu."

Sabuni, maji ya moto mara tatu. Bonareri akabandika upya. "Sasa fumba macho," akasema Dokta, "usifikirie kitu."

Kalamu zikaanza kwenda taratibu, shwaa, shwaa, mawimbi mapana yanayolingana kama mistari ya chai. Kemuma akafungua jicho moja kuchungulia. Hapo hapo mawimbi yakalala! Akafumba, yakaamka. Akafungua, yakalala.

"Ni mimi ninayefanya hivyo?" akapiga kelele. "Daktari, ni mimi?"

"Ni wewe!" Dokta naye alikuwa ananyanyuka kitini kama mtoto. "Fuvu lina tundu, na mawimbi yako yanacheza vizuri kuliko yangu!"

"Basi andika kwamba ana akili," akasema Persis, kwa dharau. "Andika na usaini."

Dokta akatikisa kichwa. "Hilo siwezi kuandika, dada. Mashine inaonyesha ubongo unafanya kazi. Mtu anafikiria nini, na atamlea mtoto vipi, haionyeshi."

"Haya!" akasema Persis. "Tumekuja bure."

Sauti ya mzee ikatoka ukutani. "Nyamazeni, nasikiliza. Mke wa Josiah, fumba macho. Kutoka kwangu mpaka kwenu ulikozaliwa, unavuka vijito vingapi?"

Kemuma akafumba. Shwaa, shwaa. Kisha akaanza safari humo kichwani: akateremka kwenye migomba, akavua viatu, akakanyaga maji. Na kalamu zikabadilika, zikaacha shwaa, zikawa zinakwaruza kidogo kidogo, upesi upesi, kama kuku anatafuta mchwa. Chumba kizima kilisikia. Mwanamke asiyejua kuandika hata jina la mumewe, kichwa chake kilikuwa kinaandika njia ya nyumbani!

"Vinne," akasema. "Cha nne kinakauka Januari. Na wewe, tata, baba yangu, ulianguka kwenye cha pili, nilikuona, siku ulipoleta ng'ombe wa mahari yangu."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka na ukuta.

"Nilianguka," akasema. "Na sijawahi kumwambia mtu. Funga kitambaa chako, mwanangu. Persis, mtoto anarudi na mama yake. Na lile neno la tundu nisilisikie tena bomani kwangu."

Dokta alikata ile karatasi vipande viwili. Kimoja alimpa Kemuma, naye akakitundika juu ya kitanda chake mpaka alipokufa. Kingine, chenye vile vijito vinne, alikwenda nacho Nairobi.

Nimemaliza. Sasa ni zamu yenu, nyinyi mlionisumbua, mnaofanya kazi huko Nairobi: nendeni mkafungue makabati ya madaktari wa huko, mniletee ile nusu yenye vile vijito vinne. Na msije mikono mitupu, sipiki chai.