Bibi Kwenye Chungu

Juzi mtoto wa dada yangu aliniuliza swali nikashindwa kulijibu palepale, na kwa kuwa wewe ni mtu wangu wa siku nyingi, nitakujibu wewe kwanza. Nilikuwa nimerudi Njombe kwa likizo, mwezi wa saba, baridi ile unayoijua, ya kuvaa sweta mbili na bado ukaitafuta ya tatu. Binti alikuwa amejifunika blanketi, laptopu mapajani, anacheza ule mchezo wa kuendesha maisha ya watu: unawajengea nyumba, unawatafutia kazi, unawakumbusha kula na kuoga. Akaniambia kuna watu wanabishana mtandaoni usiku na mchana kuhusu toleo lipi ni bora, la kwanza, la pili, la tatu au la nne.

"Mama mdogo, wewe si umeyacheza yote? Lipi lilikuwa tamu?"

Hao wabishi wana vipimo vyao, uzuri wa picha, wingi wa nguo, ukubwa wa mji. Mimi nina kipimo kimoja tu, na nilipewa na bibi yangu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maisha yake yote. Mimi naangalia kiti kimekaa umbali gani na moto. Usicheke, subiri nikueleze.

Mimi na dada yangu, anayenizidi miaka mitatu, tulilelewa na Bibi mzaa mama, pembeni ya mji, kule barabara inakoanza kusahau kuwa ni ya mjini. Nyumba kubwa ilikuwa ya kulala na ya kupokelea wachungaji. Maisha yenyewe yalikuwa jikoni, kibanda cha matofali mabichi nyuma ya nyumba, mafiga matatu katikati, kuni za miti ya miwati zikilia na kutema cheche, na vigoda vimesogezwa motoni mpaka magoti yanaiva huku mgongo umeganda. Tulifukia viazi majivuni. Vikiiva tulivirusha mkono huu mkono ule, tunavipasua, tunanyunyiza chumvi, tunaunguza ndimi zetu na kesho yake tunarudia kosa lilelile. Bibi alikuwa akichambua maharage na kuimba nyimbo za kanisani, lakini kwenye kwaya yeye alikuwa sauti ya pili, kwa hiyo hata nyumbani aliimba sauti ya pili peke yake. Mpaka leo kuna nyimbo ambazo sauti ya kwanza siijui.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, mama mkali aliyefundisha hesabu sekondari na ambaye sisi tulimwita Mwalimu tu, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Alikuwa na kompyuta ya zamani yenye kisogo kirefu, ameifunika kitambaa cha kufuma kama wengine wanavyofunika redio. Wakati huo kila kitu kipya kilifika Makambako kwanza, maana ndiko barabara zote na reli zinakokutana, halafu ndipo kikapanda huku kwetu kikiwa kimechoka kidogo. Basi Mwalimu alishuka Makambako kwa shughuli zake, akapita kwenye meza za CD karibu na stendi, akauziwa mchezo ule, toleo la kwanza, akiambiwa ni somo la maarifa ya nyumbani. Na yeye akaamini. Alitusimamia kila Jumamosi tukishamaliza kumpukuchulia mahindi, fimbo ya ubaoni mkononi, akituuliza kwa nini baba wa familia hajaoga.

Dada aliunda familia ya kwanza, na ilikuwa familia yetu: Bibi, yeye, na mimi. Tulivyomwambia Bibi kwamba yumo kwenye kompyuta ya Mwalimu alifurahi sana. Kila Jumamosi tukirudi alitusalimu Kibena kisha akauliza, "Kamwene. Nimeamkaje huko?" Nasi tunamweleza: umepika, umetazama televisheni, umegombana na jirani. Alitaka kujua wanaongea lugha gani. Tukamwambia haijulikani, hata Mwalimu haelewi. Bibi akafikiri, akasema basi hao ni Wakinga waliokwenda kufanya biashara mbali mno wakasahau njia ya kurudi. Utani wa Wabena na majirani zao haujawahi kuhitaji ushahidi.

Sasa, tatizo lilianza na moto. Katika mchezo ule kuna meko ya ukutani ya kununua, na sisi, watoto wa Njombe, tungejengaje nyumba isiyo na moto? Tuliyanunua kabla ya kitanda. Halafu tukapanga viti na zulia pale pale, magoti motoni, kama jikoni kwa Bibi. Nyumba ikaungua. Tukajenga tena, tukapanga vilevile, ikaungua tena. Na wale watu moto ukiwaka hawakimbilii maji, wanasimama wanapunga mikono na kupiga kelele. Mwalimu alikagua zulia, akakagua dirisha, hakuna aliyewaza kwamba kosa ni kiti kuwa karibu na moto. Kwetu sisi kiti kinakaa wapi tena?

Mara ya tatu akaungua Bibi. Dada alikuwa amempeleka yule dada wa kwenye mchezo kazini na mimi shuleni, Bibi akabaki amekaa anaota moto. Zulia likashika, kiti kikashika, na kabla hatujajua tubofye nini, pakabaki chungu kidogo cha majivu yake sakafuni. Ukikibofya unasoma jina la Bibi. Hapo tungeweza kuzima na kuanza upya kana kwamba hakuna lililotokea, lakini umeme wa Njombe wakati ule haukuwa na adabu, na amri ya kwanza ya Mwalimu ilikuwa, "Sevuni kwanza, maswali baadaye." Dada alikwisha sevu. Mkono ulifanya wenyewe.

Nilikuwa na miaka minane na nilijua uchuro ni nini. Kumtamkia mtu kifo ni kumwitia, na sisi hatukutamka tu, tulikiandika na kukihifadhi. Jioni ile Bibi alikohoa. Alikuwa akikohoa kila mwaka baridi ikiingia, kwa sababu ya moshi, ila mimi nilisikia kikohozi kimoja tu na nilijua kimetoka wapi. "Nimeamkaje huko?" akauliza. Nikamwambia, "Salama, Bibi, umepika ndizi." Jumamosi iliyofuata nikamwambia kaenda kusuka ukili. Iliyofuata nikamwambia kaenda hospitali ya Bulongwa kumsalimia mgonjwa. Usiku nilisikiliza kama anapumua. Dada aliniambia mimi ni mjinga, lakini niligundua na yeye halali.

Uongo una miguu mifupi, na wa kwangu ulichokea kwenye uzio wa Mwalimu. Bibi aliamua kwenda kujiona mwenyewe. Alivaa kitenge cha Jumapili, akajifunga shali, akabeba kikapu cha njegere maana huwezi kwenda kujiangalia mikono mitupu. Mwalimu alimkaribisha, wakasalimiana salamu ndefu za watu wazima, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango natamani umeme ukatike. Siku hiyo haukukatika.

"Mimi ni yupi hapo?"

Dada akaonyesha chungu. Bibi, aliyezoea kusoma Biblia bila miwani, akainama, akalisoma jina lake taratibu. Nikaanza kulia, nikasema yote, uongo wa ndizi, uongo wa Bulongwa, na kwamba atakufa na ni sisi tumemchuria. Mwalimu akakaa chini na fimbo yake. Bibi hakunitazama, aliendelea kukitazama kile chungu.

"Moto ulipowaka, ninyi mlikuwa wapi?"

"Mimi kazini, Bibi," Dada akasema. "Huyu shuleni."

"Kumbe nilikuwa peke yangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi huyo hakuuawa na moto, wajukuu wangu. Miaka sitini nakaa motoni sijaungua, kwa sababu cheche ikiruka kuna mtu wa kuniambia, we mama, kitenge chako hicho." Halafu akacheka, akacheka mpaka shali likadondoka. "Na mmeniweka kwenye chungu. Kama maharage."

Akaagiza atengenezwe mwingine, avalishwe sweta, na kiti kibaki palepale karibu na moto, ila asiachwe peke yake. Mwalimu akaandika sheria hiyo kwenye karatasi akaibandika juu ya kompyuta. Amini usiamini, tangu siku ile kila alipoota moto tulimweka mmoja wetu pembeni yake, shule ikakosekana, kazi ikapotea, na nyumba haikuungua tena. Labda ilikuwa bahati. Sikuwahi kufanya uchunguzi.

Kwa hiyo toleo la kwanza nalipenda kwa jambo moja: hakuna anayezeeka mle. Mtoto ni mtoto mpaka umeme uishe. Toleo la pili lilipofika Makambako, Mwalimu alikuwa amekwisha kujua kwamba si maarifa ya nyumbani, na alilinunua hivyohivyo bila kutueleza sababu. Humo watu wanakua, wanazaa watoto wenye pua za baba zao, wanazeeka, wanakufa kitandani bila kuungua popote. Dada alilipenda sana. Mimi nililicheza kwa hasira, kila nikiona nywele za Bibi zinabadilika rangi natoka na kurudi toleo la kwanza. Dada akaolewa Makambako, akafungua duka la vyombo, mimi nikaenda chuo Dodoma, na nilidhani nimeiacha ile kompyuta nyuma na kitambaa chake.

Tulikuwa na makubaliano, mimi na Dada. Bibi asikae kipupwe peke yake. Mwaka huu mimi, mwaka kesho yeye. Hatukuandika popote, ilikuwa ile sheria ya Mwalimu tu, imekua nasi.

Toleo la tatu nililikuta hosteli, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumbani. Bado naona ndilo kubwa kuliko yote. Mji mzima uko wazi, unatoka kwako unatembea hadi kwa jirani bila kusubiri, na wakati wewe unashughulika na nyumba moja, nyumba nyingine zinaendelea na mambo yao bila ruhusa yako. Nilimtengeneza Bibi, nikampa nyumba yake, moto wake, halafu nikajitengeneza mimi mtaa wa pili na kuanza kutafuta maisha. Niliposhtuka na kwenda kumtembelea, nyumba ilikuwa tupu. Amehama. Mchezo huo una tabia hiyo, watu wanahama bila kuaga. Mwenzangu akacheka na mimi nikacheka, kisha nikakumbuka ni mwezi gani.

Nikampigia Dada. "Bibi yuko na nani?"

Akanijibu, "Mdogo wangu, si mwaka wako huu?"

Nilikuwa na hakika ni mwaka wake. Naye alikuwa na hakika ni wangu. Kulipokucha nilikuwa kwenye basi, na safari ile sikuona Iringa wala Mafinga, niliona chungu sakafuni. Dada alinisubiri stendi ya Makambako amebeba blanketi jipya la dukani kwake, lebo bado inaning'inia, tukapanda pamoja. Njombe ilikuwa na ukungu hata mlango wa jikoni huuoni mpaka uuguse.

Bibi alikuwa amekaa motoni. Pembeni yake, magoti yanaiva, alikuwa Mwalimu, amestaafu, amefunga shali, anamenya kiazi. Alikuwa amekuja kila jioni tangu baridi ianze, kwa maana yeye ndiye aliyeiandika sheria.

"Kamwene," Bibi akasema, akitutazama tulivyosimama mlangoni na blanketi letu. "Mmekuja kuona kama nimeingia kwenye chungu?"

Tulicheka hadi tukalia, au tulilia hadi tukacheka, sijui kilichotangulia. Baada ya hapo hatukukosa tena hata kipupwe kimoja. Bibi aliondoka miaka mingi baadaye, umri umetimia, jikoni kwake mchana, Dada upande huu na mimi upande ule, Mwalimu akijaribu kuimba sauti ya kwanza. Nilihuzunika sana, lakini sikuogopa.

Jiko lenyewe halipo siku hizi. Dada amerudi, amejenga nyumba ya vigae pale kwa Bibi, shamba la mahindi limekuwa la parachichi, na palipokuwa na mafiga pamesimama tenki la maji. Tunapikia gesi. Gesi ni nzuri, haina moshi, hakuna anayekohoa, na hakuna anayeikalia pembeni. Kila mtu anakula alipo na baridi yake.

Nikamwambia binti anionyeshe nyumba yake ya toleo la nne. Nzuri, kwa kweli. Na humo kuna mwanamke wa mvi amekaa mbele ya meko.

"Huyo amekaa na nani?"

"Peke yake. Wengine wako vyumbani."

"Waite."

Akawaita. Na hapa lazima niwe mkweli kwa toleo la nne, wengi wanalisema vibaya, lakini ndilo pekee ambamo watu watano wanaweza kuuzunguka moto na kuongea wote kwa pamoja, huyu anakula, yule anacheka. Katika matoleo ya mwanzo walikuwa wanasubiriana. Niliwatazama wanavyokuja mmoja mmoja.

"Sogeza viti karibu zaidi," nikasema.

"Mama mdogo, wataungua."

"Hawataungua. Wako wengi."

Tukacheka wote wawili, na Dada akauliza kutoka jikoni tunacheka nini. Nikamwambia azime gesi, alete kiti.