Mshona Vitabu Aliyeitambua Sauti ya Mvukeni

Saa mbili kasoro robo asubuhi, karatasi mia mbili na kumi zimelala juu ya meza ya mbao. Mwanamke mwenye aproni ya bluu anazigonga ubavuni kwa viganja viwili mpaka kingo zake zinanyooka kama tofali. Anazibana kwenye kibanio cha chuma, anatoboa matundu sita, kisha anapitisha uzi uliopakwa nta kwenye sindano. Mara moja tu, bila kukosea.

Nje, wanafunzi watano wa chuo kikuu cha jirani wamejipanga kibarazani. Kila mmoja amekumbatia bahasha yake kama mtoto mchanga. Ni msimu wa kuwasilisha tasnifu, na wiki kama hii duka hujalidi nakala arobaini. Wakati wa likizo hazifiki hata sita, na hapo mwanamke huyu hugeukia kushona mikoba ya shule ili mambo yaende.

"Dada Gundi, mimi natakiwa kuwasilisha saa sita," anasema wa kwanza kwenye foleni.

"Gundi haijui saa sita," anajibu bila kuinua kichwa. "Gundi inajua kukauka. Kaa hapo kwenye benchi, utulie."

Jina hilo alipewa na wanafunzi, na sasa hata mama yake mzazi hulitumia. Ana umri wa miaka thelathini na minne, na kumi na minane kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki chenye dirisha moja na harufu ya gundi isiyotoka nguoni. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita. Mama yake, aliyekuwa akifua nguo za watu nyumba hadi nyumba, aligomewa na mgongo, na mjomba wake mwenye duka akamwambia aje ajifunze kushona vitabu.

Mjomba alimpa sheria moja siku ya kwanza. "Kazi yetu ni mgongo wa kitabu. Tumbo lake si letu," alimwambia. Maana yake ni kwamba mshonaji hasomi kazi ya mteja.

Sheria hiyo aliishika vizuri, mpaka mwaka jana alipoivunja. Kuivunja huko kumemfanya awe mtu anayesubiriwa chuoni mwezi ujao.

Yote yanatokana na mapenzi ya zamani. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, mteja mmoja alileta kitabu kilichochanika ili kishonwe upya, kisha hakurudi kukichukua. Baada ya mwaka mzima, mjomba alimruhusu aende nacho nyumbani. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha *Daraja la Moshi*, riwaya tano za vijana kuhusu binti wa miaka kumi na minne anayewavusha watu kwenye daraja la moshi, kutoka mji wa walio hai kwenda mji wa vitu vilivyosahaulika.

"Nilikisoma kwa siku mbili," anasema. "Mchuzi uliungua, sikusikia hata harufu. Dada yangu alidhani nina mchumba ananiandikia."

Alivitafuta vinne vilivyobaki kimoja kimoja, na vyote vitano amevisoma mara kumi na moja. Akamwambukiza binti wa dada yake, ambaye leo ana miaka kumi na tisa na bado anamwita mama mdogo. Kisha akaja muuguzi mmoja aliyeleta vyeti vyake duka lilipopata mashine ya kurudufu. Mwisho akaja mchomea vyuma wa karakana ya pili, mtu mwenye mikono kama koleo na machozi ya karibu. Kila Jumamosi saa nane, duka likifungwa, wanne hao hukaa kwenye meza ya kazi na kujadili kitabu walichokwisha kukimaliza zamani.

Kwa miaka sita kulikuwa na jambo moja walilobishania kuliko yote.

Katika kitabu cha tatu, binti mvushaji anakimbizwa na askari wa mfalme ndani ya ngome. Anajificha kwenye chumba cha chini kilichojaa mvuke. Askari wanafika mlangoni. Ndipo sauti inatoka mvukeni na kusema, "Rudini kesho. Za jana hazijakauka." Askari wanasitasita, wanaondoka, na binti anapona.

Sauti ile ilikuwa ya nani? Mchomea vyuma alishikilia kuwa ni roho ya daraja. Muuguzi aliamini ni marehemu bibi yake binti, na kwamba zisizokauka ni damu au machozi. Binti wa dada alikuwa na nadharia tatu, na zilibadilika kulingana na mtihani aliokuwa akiukimbia. Dada Gundi alinyamaza. Alikuwa na jibu lake, ila aliliona dogo mno kusemwa mbele ya roho za madaraja.

Mwaka jana, mwanafunzi wa uzamili, kijana mrefu mwenye miwani, alileta tasnifu yake ijalidiwe nakala nne. Dada Gundi alipokuwa akizipanga kurasa aliona kichwa chake: uhakiki wa watumishi wasio na majina katika *Daraja la Moshi*.

"Moyo uliruka. Sikujua kama kuna watu wanasoma vitabu vyetu huko chuoni," anasema. "Nikasema nitaangalia ukurasa mmoja tu. Unajua ukurasa mmoja ulivyo."

Alisoma kurasa tatu, akafunga, akaenda kunywa maji. Kijana yule alikuwa ameandika kwamba riwaya hizo zimejaa watu wanaopika, wanaofagia na wanaobeba, lakini hakuna hata mmoja aliyepewa jina. Wachawi wana majoho meupe vitabu vitano mfululizo, na anayeyafua anaitwa tu "mfua nguo".

"Niliumia kama mtu kamtukana mwanangu," anakumbuka. "Halafu nikarudi kusoma, maana nilitaka nipate pa kumpinga. Nikakosa. Nimesoma vile vitabu mara kumi na moja, na mimi ni mtoto wa mfua nguo, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini anayefua yale majoho hana jina."

Hasira ilipopoa, anasema, ikaja furaha ambayo hakuitegemea. Kitabu alichodhani amekimaliza kilikuwa na vyumba ambavyo hajaingia.

Ukurasa wa themanini na saba ndio uliomsimamisha. Hapo kijana alihitimisha kwamba mfua nguo hatamki neno lolote katika vitabu vyote vitano. Na kuhusu ile sauti ya mvukeni, aliifuata rai ya wengi: ni kauli ya fumbo, huenda ya roho.

"Nikacheka peke yangu," anasema Dada Gundi. "Chumba cha chini, mvuke, maji ya moto, na mtu anasema za jana hazijakauka. Jamani. Hizo ni nguo. Nimekua nikisikia maneno hayo mlangoni kwetu. Mteja akija mapema, mama anamwambia, rudi kesho, za jana hazijakauka."

Lakini kusema kulimtia hofu. Kijana alitakiwa kuwasilisha siku iliyofuata. Kumwambia kungekuwa kukiri kwamba amesoma kazi ya mteja, na mjomba alishamfukuza msaidizi mwingine kwa kosa hilohilo. Tena yeye ni nani, mtu aliyeishia njiani shuleni, amkosoe msomi?

Asubuhi kijana alipokuja, nakala hazikuwa zimeshonwa.

"Nilidhani mashine imeharibika," anasimulia kijana huyo, ambaye sasa anafundisha chuoni hapo. "Ananiambia, kaka, samahani, mimi nimesoma, na ukurasa wa themanini na saba una tatizo. Kusema kweli nilikasirika. Nilimwambia anishonee tu niende zangu."

Hakubishana naye. Alitoa kitabu cha tatu mkobani, akakifungua kurasa mbili kabla ya tukio lile na kumwonyesha mstari mmoja: mfua nguo anashuka ngazi za ngome akiwa na beseni, peke yake. Hakuna mahali panaposema amepanda tena.

Kijana aliusoma mstari huo akiwa amesimama. Akavuta benchi, akaketi, akausoma tena.

"Miaka miwili niko na kitabu kile," anasema. "Nimesoma kila makala iliyoandikwa juu yake. Sote tulitafuta roho kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mfua nguo anaweza kuwa ndiye aliyemwokoa shujaa. Tulimsahau vilevile kama mwandishi alivyomsahau. Hoja yangu haikuanguka. Ilipata miguu."

Aliomba siku tatu kwa msimamizi wake na kuiandika upya sura nzima. Kwenye utetezi wa tasnifu, anasema, mtahini kutoka nje alifungua sura hiyohiyo na kuuliza nani aliyegundua. Alijibu: mtu anayeshona vitabu mtaa wa pili kutoka hapa.

Mjomba alizisikia habari hizo kwa kijana mwenyewe, aliyekuja na kilo mbili za machungwa kushukuru. Mzee huyo wa miaka sabini na moja, asiyependa kuonekana anatabasamu, analieleza jambo hilo kwa ufupi.

"Sheria iko palepale," anasema. "Ila akikuta kosa, aniambie mimi kwanza."

Kwenye mikutano ya Jumamosi mambo hayakuwa laini mara moja. Dada Gundi aliwapelekea wenzake sura ya tasnifu waisome. Muuguzi aliikubali akiwa bado na sare ya kazini. "Mimi nilijua uhakiki ni kutafuta makosa," anasema. "Kumbe ni kama kumpima mgonjwa unayempenda. Humpimi kwa sababu unamchukia."

Mchomea vyuma alitupa karatasi mezani. Aliwaambia wasomi wanachinja ng'ombe kutafuta maziwa, akaondoka, na Jumamosi tatu hakuonekana.

"Nilihisi wamenipokonya," anakiri sasa huku akijikuna kichwa. "Kitabu kile kilinisaidia mke wangu alipofariki. Sikutaka mtu akifungue kuona kina nini ndani."

Jumamosi ya nne alirudi na daftari. Alikuwa amevisoma upya vyote vitano na kuhesabu: daraja lina miaka mia tatu, limevuka vita viwili na mafuriko, na hakuna ukurasa hata mmoja unaoonyesha mtu analikarabati. "Hata kama ni moshi," aliwaambia, "kuna mtu anakoka moto. Yuko wapi huyo mtu?" Walijadili swali hilo mpaka mjomba akaja kudai funguo zake.

Siku Dada Gundi alipompelekea mama yake habari ya ugunduzi wenyewe, alimsomea ukurasa wa kitabu na kisha maelezo ya wasomi juu ya roho, bibi na mafumbo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mto ukiwa nyuma ya mgongo wake.

"Sasa kwani wao walifikiri ni nani?" aliuliza.

Mwezi ujao idara ya fasihi inafanya kongamano la siku moja kuhusu riwaya za vijana, na Dada Gundi amealikwa kuzungumza kwa dakika kumi na tano. Mchomea vyuma ameshaiombea ruhusa karakana nzima. Baada ya hapo, Dada Gundi ataanza masomo ya jioni ili amalizie mitihani aliyoiacha akiwa msichana.

"Sina haja ya kuwa profesa," anasema huku akipaka gundi kwenye kitambaa cha jalada. "Nataka nikisoma kitu, nijue namna ya kukiuliza maswali. Na nikipinga, nipinge kwa ushahidi."

Hotuba ameiandika kwa mkono, na kila jioni anamsomea mama yake, ambaye anashika simu na kuhesabu dakika. Jana zilifika thelathini na nane. Mama alimshauri apunguze, watu wasije wakasinzia.

"Nitakata salamu na shukrani," anasema Dada Gundi. "Hoja sikati hata moja."