Mahari ya Mkia wa Punda

Swafiya wa Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, alikuwa fundi cherehani, na jicho lake halikuvumilia kitu kilichopinda. Mteja akisema amefuata "suruari" yake, yeye humjibu, "Suruali yako iko tayari," akiikaza ile l mpaka mtu anajikuna kichwa. Akisikia "kurara," husema kulala. Hakuwa na nia ya kumdhalilisha mtu. Babu yake alikuja Kigali na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwao Kiswahili kilitunzwa kama vile vyombo vya kabatini ambavyo hutolewa wageni wakija. Kigali nzima inachanganya r na l bila kuona haya, na Swafiya alijipa kazi ya kuinyoosha, mteja mmoja mmoja, bila malipo na bila shukrani.

Ndiyo maana yaliyomkuta mwaka wa tisini na moja yalimvuruga kuliko ambavyo yangemvuruga mwanamke mwingine yeyote.

Mfungo ulikuwa umekaribia. Munyakazi, mtunza bustani wa nyumba moja ya wazungu kule Kiyovu, alifika barazani kwake akiwa amekumbatia ndoo ya plastiki. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi, mtu mpole aliyefiwa na mke zamani, mwenye tabia ya kuleta shati liongezwe kifungo ambacho angeweza kukishona mwenyewe. Pembeni mwa ndoo ilining'inia mikia minene ya kijani kilichofifia, imejaa vijani vinono vilivyobanana kama punje kwenye gunzi la mahindi.

"Mama, hii inaitwa mkia wa punda," akasema. "Muzungu amerudi kwao sababu ya vita, ameniachia. Nimetafuta Kigali yote. Mahari ya hii iko kwako tu. Usikatae."

Swafiya akaacha kukanyaga cherehani. "Mahari?"

"Eeh, mahari." Munyakazi akatazama chini. "Nimeona zamani, ila niliogopa kusema."

Kisha akaifunga ndoo kwa waya kwenye boriti ya baraza, akaagiza inyweshwe maji kidogo tu na isishikwe-shikwe, akaaga, akaenda zake. Swafiya akabaki ameshika kitambaa, hajui alikuwa anashona mkono au kola.

Alisema mahali, au alisema mahari?

Kama alisema mahali, basi hakuna neno. Baraza la Swafiya lilipata jua la asubuhi, na bati lake lilitokeza mbele vizuri, maji ya mvua hayaingii. Munyakazi alikaa Kimisagara, chini kabisa bondeni, ambako jua linachelewa kufika na bati la jirani linamwaga maji mlangoni kwako. Mtu mwenye mmea asiye na pa kuutundika angeweza kuja hapa. Lakini mbona alitazama chini? Na mtu mzima anaogopa nini kuomba pa kutundika ndoo?

Halafu alimwita mama. Mwanaume anayekuja na mahari hamwiti mwanamke mama. Lakini Kigali hata muuza viberiti humwita mama kila anayepita. Na Munyakazi ni Mkristo, Jumapili humwoni bila tai. Lakini Biryogo imejaa wanaume waliokuja na jina moja wakazikwa na jingine, na sababu yake kila mtu anaijua: walisilimu ili waoe. Tena tangu chuo cha Kurani Swafiya alifunzwa kwamba mahari si lazima iwe kubwa, na kwamba ni haki ya mwanamke mwenyewe, anakabidhiwa yeye. Naye alikabidhiwa yeye, barazani kwake, mchana kweupe.

Utasema, si angeuliza? Wote wawili walizungumza Kinyarwanda tangu utotoni, na Kinyarwanda hakina mchezo huo. Mahali ni ahantu, mahari ni inkwano, hata mlevi hawezi kuyachanganya. Neno moja tu na mambo yangekwisha. Lakini Munyakazi alimheshimu kwa kumsemesha Kiswahili, na mjane wa Biryogo hamwulizi mwanaume kama amemposa. Ikiwa hakumposa, uso atauweka wapi?

Na jibu alilihitaji. Kaka yake Usumani, mwenye duka la vitenge barabara ya juu, alikuwa amemtafutia mume: mchinjaji wa Rwamagana, mtu wa dini na wa uwezo, ambaye tayari alikuwa na mke mmoja. "Idi ikipita nataka jibu," Usumani alimwambia. Kukubali kulikuwa na maana ya kuliacha baraza, wateja, na maisha aliyoyajenga mwenyewe tangu mumewe alipofariki. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu yenyewe ilikuwa inaning'inia kwenye boriti, haisemi lolote.

Basi akaitunza kama mtu anavyotunza mahari. Aliimwagilia asubuhi, akaimwagilia tena baada ya alasiri, kwani aliona majani manene hivyo hayawezi kutosheka na maji kidogo aliyoagizwa. Aliufuta vumbi kila mkia kwa kitambaa laini cha bitana. Aliigeuza ndoo ili kila upande upate jua. Na kila alipoigusa, vijani vilidondoka sakafuni, na kila kilichodondoka kilimuuma kweli. Akaviokota na kuvitia kwenye kopo la vifungo, maana kutupa mahari hakuwezi kuwa jambo jema.

Munyakazi alipopita kuuliza hali ya mmea, Swafiya alimtega. Wateja walikwisha zoea masomo yake, kwa hiyo naye Munyakazi hakushuku kitu.

"Munyakazi, hebu sema mali."

"Mari," akasema Munyakazi kwa utii.

"Sasa sema habari."

"Habali."

Kumbe huyu aligeuza zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Swafiya akashusha pumzi na kurudi kwenye pindo la sketi. Alikuwa amekoroga maji yaliyokwisha kuwa na tope.

Mfungo ulipita, masika ikamwagika, na mmea ukaanza kuugua. Mikia ilibadilika rangi kuanzia shinani, ikawa ya manjano yenye kuonyesha maji ndani, laini ukiibonyeza. Swafiya akaiongezea maji. Siku ya tatu ya Idi Usumani akaja, akanywa chai, akauliza.

"Mwambie hapana, kaka," akasema Swafiya, na sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe.

"Hapana? Una mtu?"

"Sijui."

"Hujui? Swafiya, ama mtu ana mtu ama hana."

"Sijui, kaka. Wallahi sijui."

Usumani akasukuma kikombe, akaondoka bila kumaliza chai. Swafiya alitaka kumkimbilia. Hakujua akimfikia atamwambia nini.

Jioni ya siku hiyohiyo Munyakazi akapita. Aliingiza kidole kwenye udongo wa ndoo, akakitoa kimejaa tope, akatikisa kichwa.

"Umeipa maji mingi, mama. Hii iko na maji yake ndani, haitaki ya kwako kila siku. Naomba makasi."

Swafiya akampa makasi ya kukatia nguo, ambayo hata Usumani hajawahi kuyagusa kwa kidole. Munyakazi akakata ncha zilizobaki ngumu, akazilaza juu ya gazeti kivulini. Zisipandwe leo, akaeleza, kidonda kikauke kwanza, halafu udongo uwe wa mchanga na changarawe. Alipoona vijani ndani ya kopo la vifungo akatabasamu. "Hii ni vizuri hukutupa. Kila moja inaota."

Kisha akajifuta mikono. "Nimekusumbua sana, mama. Toka mwanzo niliogopa kukusumbua. Nitaitoa hapa. Nimepata mahari ingine, Gisimenti. Iko baa na baraza kubwa, mwenyewe amekubali."

Baa haiposwi. Hata Swafiya, na kuchanganyikiwa kwake kote, hilo alilijua. Ilikuwa mahali, tangu siku ya kwanza ilikuwa mahali, na yeye amemkatalia mchinjaji wa Rwamagana kwa ajili ya ndoo iliyokosa pa kutundikwa. Uso ulimwaka moto. Alitaka kucheka, akataka kulia, akashika futi ya kupimia akaanza kuikunja bila sababu. Akamtafuta yule mchinjaji moyoni aone kama anamjutia, hakumwona. Alichokiona ni kwamba mtu huyu anaondoka na ndoo yake kwenda Gisimenti, na kwamba hatakuwa tena na sababu ya kupita hapa, na hilo hakulitaka hata kidogo.

"Usiipeleke," akasema. "Mahari yake ni hapa."

Munyakazi akainua uso. Kwa miaka yote aliyomjua, mwanamke huyu hakuwahi kuteleza, si kwa r wala kwa l.

"Mahari?"

"Mahari."

Sasa ilikuwa zamu yake kuvurugika. Alitazama ndoo, akatazama zile ncha juu ya gazeti, akamtazama Swafiya ambaye naye sasa alikuwa akitazama chini. Mwishowe akauliza kwa Kinyarwanda, polepole, kama anayekanyaga utelezi: "Ahantu, cyangwa inkwano?"

Swafiya aliikunjua ile futi. Alisema, "Mambo kama hayo mimi siyajibu. Anayeyajibu ni kaka yangu Usumani."

Munyakazi aliokota makasi pale kwenye gazeti. Akayafuta kwenye suruali yake, pande zote mbili, akayaweka mezani kwa uangalifu. Kisha akauliza duka la Usumani hufungwa saa ngapi.