Nilitafuta njia ya kurudi nyuma kwa wakati nishike simu tatu za Baba

Wakuu, hamjambo popote mlipo.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda, hasa zile nyuzi za time travel. Leo naandika yangu. Sitaongeza chumvi, na penye aibu yangu nitaiacha ionekane.

Mimi ni fundi wa ujenzi, mtu wa Machakos. Miaka minne iliyopita nilikuwa site huko Konza. Saa nne asubuhi, tukinywa chai, simu ikaita. BABA.

Nikaiangalia, nikairudisha mfukoni. Nilijua ni habari ya mbuzi, na mzee akianza habari ya mbuzi hamalizi. Ikaita mara ya pili. Ya tatu.

Saa sita uncle akanipigia: Baba ameanguka shambani Kola, hatuko naye tena.

Watu wote niliwaambia nilikuwa juu ya slab, tukimwaga zege ya ghorofa, sikusikia simu. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeshika kikombe.

Hapo ndipo nilipotumbukia kwenye haya mambo. Wengine huzuni huwapeleka kwa pombe, mimi ilinipeleka kwa video. Black hole, wormhole, mwendo wa mwanga. Nilitaka kitu kimoja tu: saa nne ya siku ile, niseme "haloo".

Binamu yangu Mwende anafundisha physics. Aliniambia kwenda mbele kunawezekana: saa iliyo kwenye mwendo mkali huchelewa kidogo kuliko iliyobaki nyumbani, na hilo limepimwa. Kurudi nyuma ndiyo shida.

"Hesabu haijafunga huo mlango kabisa, lakini hakuna mtu amewahi kuuona," akasema. "Na ukirudi umwokoe mzee, ni huzuni gani itakufanya urudi?"

Fundi hapendi kushindwa na mwalimu, nikarudi kwa video.

Mwezi uliopita nikapata wazo. Kituluni! Kile kilima chetu ambapo ukimwaga maji barabarani yanapanda. Kama uzito unaweza kugeuka pale, kwa nini wakati nao usigeuke? Msicheke. Jumamosi mchana Mwende akatupeleka na gari lake. Mama naye akapanda nyuma, alitaka tu kutoka nje kidogo.

Nikamwaga maji. Yakapanda, wakuu! Nikamtazama Mwende kama mtu aliyeshinda kesi.

"Si uko na pimamaji kwa begi?" akasema. "Weka chini tuone."

Pimamaji yangu, ile ya kupima usawa, imenilisha miaka yote na haijawahi kunidanganya. Nikailaza kwenye lami. Kiputo kikakimbilia ule upande nilioona ni wa chini. Maana yake huko ndiko juu. Maji yalikuwa yanateremka tu, kama maji yote. Macho yangu ndiyo yalikuwa yamekosea.

Nikakaa kando ya barabara.

"Kwani ukirudi siku ile unataka kufanya nini?" Mwende akauliza.

Nikamwaga yote. Kikombe, mbuzi, simu tatu. Nilisahau kwamba mama ameshuka kwa gari na amesimama nyuma yangu.

"Hizo simu ni mimi nilipiga," akasema.

"Mwaitu? Mama, ni wewe?"

"Yangu ilikuwa sokoni inachajiwa. Nilipata babako kwa mtaro, ameshakuwa baridi. Nikatoa simu kwa shati yake, nikakupigia wewe kwanza. Hata ungeshika, mwana wakwa, hakuna kitu ungefanya. Ungesikia tu nikilia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani najua ni yeye. Nilipomwambia nilikuwa juu ya slab, akaliacha hapo.

Nililia kando ya ile lami mpaka nikaanza kucheka. Baba hakuniita. Baba hakufa akinisubiri. Sijui niwaelezeje nilivyopumua.

"Lakini wewe ulinihitaji," nikamwambia mama.

"Eeh. Nilikuhitaji." Hakunipunguzia hata kidogo. "Sasa uwe ukishika."

Baada ya mazishi nilikuwa nimemnunulia laini nyingine, ili lile jina lisitokee tena kwenye simu yangu. Ile ya Baba akabaki nayo, akipigia wenzake wa chama cha akina mama. Siku hiyo ya Kituluni nilimwambia anipigie na yoyote anayotaka.

Kama kurudi nyuma kunawezekana, mimi sijui, nawaachia wenye hesabu. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kutafuta mlango wa kurudi, waulize waliokuwepo. Nilikuwa na shahidi jikoni kwetu miaka minne, na mimi nikauliza video.

Nyinyi je, mkipewa safari moja tu, mngerudi saa ngapi? Na mna uhakika mnajua kilichotokea saa hiyo? Nitasoma yote, ila nikichelewa kujibu mnivumilie.

Jana saa nne, tukinywa chai, simu iliita. BABA.

Nikaweka kikombe chini. Alikuwa mama, na habari ya mbuzi.