Mvua Iliyopunguza Maji

Kila mvua kubwa iliponyesha, maji ya samaki wetu yalipungua. Najua jinsi jambo hilo linavyosikika. Majirani zangu wa Arua walicheka, na mmoja akaniuliza kama siku za jua yanaongezeka. Sikuwa na nafasi ya kucheka. Nilikuwa na baba ndani ya nyumba, na baba alikuwa na furushi nyuma ya mlango.

Furushi lile alilifunga mara ya kwanza mwaka wa sabini na tisa, tulipokimbia vita kutoka Koboko kuvukia Zaire. Tuliporudi baada ya miaka, alikuja nalo limefungwa upya, na hakulifungua tena. Blanketi, sufuria, chumvi ndani ya nailoni, taa, na mche wa sabuni yenye mistari ya buluu ulionunuliwa siku za mwisho kule ugenini. "Hiyo kitu ya safari," alisema. "Mutu asiguse." Hata wiki ya harusi yangu, sabuni ilipokosekana nyumba nzima, fundo halikulegea.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, milio ya vita vya Sudan ilipoanza kusikika Koboko, nilikwenda nikamleta Arua, kwenye nyumba niliyokuwa nikishonea nguo. Alikubali, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Lori likipiga kishindo barabarani, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye furushi. Hakukaa kitini hata chai ikaisha. Nami mtoto wake sikuwa na nafuu. Nilishona huku sikio liko mlangoni, nikajichoma sindano, nikamgombeza paka.

Tangi la samaki nililiona mara ya kwanza kwenye nyumba ya misheni nilikokwenda kupima mapazia. Wazee wawili walikuwa wamekaa mbele ya kioo, wametulia kama watu walioshiba. Nikasema, hii ndiyo dawa ya baba. Fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Ayivu mwenye maneno marefu kuliko bomba zake, akanitengenezea: vioo vya dirisha pande tatu, bati nene mgongoni. Maji yaliingia kwa mpira kutoka pipa la mvua pale barazani. Yaliyozidi yalitokea juu, kwa bomba lililopenya bati na ukuta hadi kwenye mchicha wangu. Upande wa ndani bomba lilipindwa kwa elbo, kile kiungo cha kona, likashuka karibu na sakafu ya tangi ili litoe uchafu wa chini. Muuza samaki wa baiskeli akatuletea ngege wadogo, hai, ndani ya jerikeni iliyokatwa shingo.

Mtaa mzima ulikuja kuona. "Samaki ya kuangalia tu? Hamukuli?" Baba aliwajibu kwa ukali kwamba hata wao hawali mbwa wao. Nilifurahi mno, kwa sababu wiki zile alikaa. Aliwapa pumba, aliwakaripia wakorofi, alimtetea mmoja aliyekuwa na pezi bovu. Furushi likaanza kushika vumbi.

Kisha zikaja mvua. Baada ya ile kubwa ya kwanza tulikuta maji kina cha kiganja, na ngege wamelala ubavu, wanahema. Tulimimina ndoo mbio mbio. Wengine wakapona, wengine hapana. Baba aliwafukia kwenye mchicha, akanawa mikono, akaenda kupangusa vumbi la furushi kwa pindo la kanzu yake.

"Hawa wakiisha," alisema, "mimi narudi Koboko."

Nilimjua. Miguu yake isingesimama Koboko. Ingevuka mpaka kama zamani, na mgongo wake haukuwa tena wa zamani. Nikaogopa kweli kweli.

Nikawa kiguu na njia ndani ya chumba changu mwenyewe. Nilipapasa viungo vya vioo kwa karatasi, ikatoka kavu. Nilipitisha waya ndani ya bomba, halikuwa limeziba. Nilimshuku paka, ingawa paka wa kunywa maji yale yote angekuwa ng'ombe. Mvua ya pili ikaja nikiwa sokoni, ikachukua ngege wengine. Yule wa pezi bovu alikuwa bado hai, lakini baba hakumsemesha tena. Alikuwa akiuliza habari za magari ya Koboko.

Mvua ya tatu ilinikuta nyumbani. Niliacha gauni la watu chini ya sindano, nikapiga magoti mbele ya kioo. Mpira ulitapika maji kwa nguvu, yakapanda hadi kwenye elbo, bomba likajaa pomoni. Hapo likavuta mvuto mrefu, kama mtu anayemalizia uji kwenye kibuyu. Maji yakaanza kushuka mbele ya macho yangu, na mpira bado unamimina. Nikafunga pipa. Bomba likaendelea kunywa! Kumbe halikuwa likitoa yaliyozidi tu. Lilikuwa likinyonya mpaka ya chini. Kwa hasira nikaitikisa elbo, ikalegea, hewa ikaingia kwa mlio, na pale pale likaacha.

Fundi alikuja akijitetea tangu barabarani. "Bomba yangu haina makosa, mama. Mi natoboa tundu juu ya elbo, na msumari. Ile ni pua yake. Bomba ikipumua, hainyonyi. Basi pua iko wapi?"

Tulitazama. Pua haikuwepo. Nikakwangua kwa pini yangu ya kushonea, na kikatoka kipande kigumu cha sabuni.

Sikuhitaji kuambiwa. Kule Zaire jerikeni ikitoboka hukuitupa. Uliisugua sabuni kwenye tundu, ukateka maji. Kisimani ungetutambua wakimbizi kwa harufu ya maji yetu.

"Baba, nani nafunga hii tundu?"

"Mimi," alisema, bila haya. "Ilikuwa natema maji kidogo kidogo kwa ukuta yako. Nyumba ya mutoto yangu iko na tundu, mimi naangalia tu?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini siku ile methali hazikunisaidia. Nilifungua mdomo nimsomee ngege wote waliolala kwenye mchicha. Ndipo nikaona kipande kile kina mstari wa buluu. Mimi nilifua kwa sabuni ya kahawia. Ya buluu ilikuwa mahali pamoja tu.

Nikaenda nyuma ya mlango. Fundo la furushi, lile ambalo halikulegea hata kwa harusi yangu, lilikuwa jipya, limefungwa kivivu, kama mtu anavyofunga kitu atakachokifungua tena.

Nilirudi nikakaa karibu na baba, nikalia. Fundi alidhani nawalilia ngege, akanipa pole, akageuza elbo kidogo ili tundu liteme ndani ya tangi. Tukafungua pipa. Maji yakapanda, yakafika mahali pake, yakatulia. Yule wa pezi bovu akazunguka kona.

Baba alimfuata kwa macho. "Kesho ukienda soko," alisema, "leta sabuni. Ile nakwisha."

"Ya buluu? Ya safari?"

"Safari gani? Ya kufua. Ile blanketi nanuka."